Msing'oe turbo kabla ya kupima injini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja iliyozoeleka sana hapa Mwanza, ambayo msomaji mmoja aliirudia hivi karibuni, kwamba magari madogo ya petroli yenye turbo hayafai kwa mazingira yetu, kwamba vumbi na jua la Kanda ya Ziwa huyamaliza kwa muda mfupi, na kwamba mtu aliyekwisha kulinunua afanye hima kung'oa turbo na kufunga injini ya kawaida. Mimi ni fundi wa injini, gereji yangu iko Nyakato, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni hayo hayo magari yanayolaumiwa: Subaru Impreza na Forester za turbo, Toyota Mark II na Chaser zenye injini ya 1JZ, na mara chache Mitsubishi Lancer Evolution. Ninayoyaona nikifungua injini hizo yananifanya niikatae hoja hiyo. Magari haya hayauawi na turbo. Yanauawa na tabia ya kununua nguvu kabla ya kujua kama injini iliyopo ni nzima, na ya kulikimbiza gari la mtaani kana kwamba ni la mashindano bila kulihudumia kama la mashindano.

Turbo yenyewe, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi, si kitu kigeni kwetu. Basi linaloondoka Stendi ya Nyegezi alfajiri kwenda Dar es Salaam, safari inayozidi kilomita 1,100, linakwenda kwa turbo, na lori linalopandisha Mlima Sekenke likiwa na tani zake mgongoni linapanda kwa turbo. Sijapata kusikia tajiri wa mabasi akimwagiza fundi wake aing'oe. Kuhusu vumbi na jua, wenye kumbukumbu watanisaidia. Mshindi wa Safari Rally ya mwaka 1984 huko Kenya, kwenye vumbi na mawe yasiyotofautiana na ya kwetu, alikuwa Björn Waldegård akiendesha Toyota Celica yenye turbo, na mwaka 1997 Colin McRae alishinda mbio hizo hizo kwa Subaru Impreza, ukoo mmoja na magari ambayo vijana wetu huyapaki Capri Point jioni. Tofauti ni kwamba gari la mashindano lilifunguliwa, likakaguliwa na kubadilishwa vipuri kila lilipofika kituo cha huduma, ilhali la kwetu hufunguliwa siku lilipozimika barabarani.

Nakubali, hata hivyo, kwamba petroli si dizeli, na anayelinganisha Impreza na basi bila kusema hivyo anapotosha. Moshi unaotoka kwenye injini ya dizeli iliyobeba mzigo mara nyingi hauzidi nyuzi joto 700 za Selsiasi. Ule wa injini ya petroli ya michezo iliyokanyagwa hadi mwisho unaweza kupita nyuzi 900, na katikati ya joto hilo kuna shafti isiyozidi unene wa kidole, inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikiwa haijashikiliwa na kitu isipokuwa utando wa oili. Zaidi ya hapo, mchanganyiko wa petroli na hewa ukibanwa na kupashwa joto kupita kiasi hulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Hapo ndipo injini inapogonga. Kugonga huko, ambako mara nyingi dereva hakusikii kwa sababu ya kelele za ekzosi na muziki, humega ile sehemu nyembamba ya pistoni iliyo kati ya ringi na ringi. Kipande kikishameguka, kompresheni ya silinda moja inashuka, moshi wa bluu unaanza kutoka nyuma, na mwenye gari anaambiwa kwamba turbo imekufa, wakati pengine turbo ndiyo kitu pekee kilichobaki kizima.

Sisi wa Mwanza tuna jambo letu la ziada. Mji huu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,140 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho, na ndiyo maana wengi huona gari la turbo lina raha zaidi huku kuliko lile lisilo nayo. Raha hiyo ina gharama. Ili geji isome presha ya bari 1, turbo iliyoko pwani huibana hewa mara mbili ya ilivyokuwa. Ya Mwanza lazima iibane zaidi ya mara 2.1, maana imeanza na hewa haba. Inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa inayotoka humo inaweza kupita nyuzi 120 kabla haijafika kwenye intakula ya kuipoozea. Kijana anayeona kwenye video kwamba mtu fulani wa pwani anatumia bari 1.3 na gari lake halina tatizo, kisha akaja kuniomba nimwekee hiyo 1.3, hajaomba kitu kile kile alichonacho mwenzake.

Petroli inazidisha ugumu huo. Magari haya tunayoyaagiza Japani kwa sehemu kubwa yalipangwa kiwandani yatumie petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kujilipukia) na ambayo kwa kawaida huuzwa ikikaribia 100. Kontrol boksi ya gari, yaani kompyuta ya injini, haijui kwamba imehamia Tanzania. Ina sensa inayosikiliza injini ikigonga, na ikisikia huchelewesha moto wa plagi. Lakini uwezo wake una mpaka, na mpaka huo hufikiwa upesi pale petroli inapokuwa imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo oktani yake ni duni kabisa. Mamlaka za serikali zina utaratibu wa vinasaba, yaani alama maalumu inayotiwa kwenye mafuta, wa kubaini uchakachuaji, na kituo cha mafuta chenye jina la kulinda kina sababu ya kuuogopa. Petroli ya kwenye dumu na chupa za kando ya njia haina anayeipima. Kwa bodaboda hasara yake huvumilika. Kwa injini yenye turbo, lita chache za bei nafuu zinaweza kugharimu pistoni. Kwa hiyo mwenye gari la namna hii, hata kama hataki kuongeza nguvu hata kidogo, ana sababu ya kulipia programu mpya ya kontrol boksi iliyoandikwa kwa mafuta yanayopatikana hapa, yenye moto uliocheleweshwa kidogo na presha iliyopunguzwa. Atapoteza nguvu kidogo asizozitumia mtaani. Programu iliyopakuliwa kwenye simu na kumwagwa ndani ya gari bila kulipima likiwa linafanya kazi si programu ya gari hilo, hata kama aliyeiuza ana kompyuta mbili mezani.

Sasa nije kwenye mpangilio mbaya wa matumizi. Kijana akishapata gari, kitu cha kwanza anachokitaka ni mlio. "Fundi, toa masega yote, weka bomba pana, nataka likiwa Pasiansi lisikike Kirumba." Masega, yaani kichujio cha moshi kilicho ndani ya ekzosi, yanakatwa, masta ya kupunguza mlio inaondolewa, na moshi unapata njia nyeupe. Turbo, ambayo ilipangwa ikutane na ukinzani fulani, sasa inazunguka kirahisi mno, na mlango mdogo unaopunguza moshi unaokwenda kwenye turbo haumudu tena kiasi kinachotakiwa kupunguzwa. Presha inapanda yenyewe kupita ile iliyopangwa, bila mtu kugusa kitu kingine chochote. Baadhi ya kontrol boksi hujilinda kwa kukata mafuta, na dereva analiona gari linashtuka kama limepigwa breki. Badala ya kuuliza kwa nini, anatafuta kidude cha kuidanganya kontrol boksi isikate tena, yaani anamziba mdomo mlinzi aliyekuwa akipiga kelele za mwizi. Kinachofuata ni hewa nyingi, mafuta machache, joto, injini kugonga, na pistoni iliyomeguka. Sisemi ekzosi isipanuliwe. Nasema ikipanuliwa, programu na presha virekebishwe siku hiyo hiyo, au gari lirudi nyumbani kwa mwendo wa harusi.

Mlio mwingine unaopendwa ni ule wa hewa kupumua wakati wa kubadili gia. Subaru na Evolution hupima hewa mapema, kabla haijaingia kwenye turbo, na vali ya kiwandani huirudisha hewa hiyo ndani ya mfumo pale dereva anapoachia mafuta. Ukifunga vali inayoitupa nje, kontrol boksi inabaki ikiamini kwamba hewa ile bado imo, inamwaga petroli isiyo na hewa ya kuichoma, plagi zinaota masizi, na petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Mark II yenye 1JZ hupima presha ndani ya manifoldi, kwa hiyo haidhuriki kwa namna hiyo. Wenye nayo wapumue wapendavyo. Lakini ile milio ya risasi inayotengenezwa kwa kuchelewesha moto ili petroli iwakie ndani ya ekzosi haina gari inayoifaa mtaani. Petroli hiyo inawakia mlangoni pa turbo, kwenye mabawa yake, na kwenye vali za kutolea moshi.

Wakati fedha zote hizo zinakwenda kwenye sauti, oili haina mtu. Hivi karibuni kijana mmoja aliniletea Forester ya turbo kutoka Buswelu akitaka nimwongezee presha. Kabla ya kujibu nilifungua chujio la oili, nikalikata ubavuni kwa mkasi wa bati, nikaikunjua karatasi yake, nikaikamua na kuitandaza juani. Oili ilikuwa nyeusi, jambo ambalo peke yake halimaanishi kitu, lakini ilinuka petroli, na ndani ya mikunjo ya karatasi kulikuwa na punje nyembamba zinazometameta, nyingine za rangi ya fedha, nyingine zikielekea shaba. Nilipopitisha sumaku juu yake hazikushikika. Chuma kingeshikika, hizo zilikuwa ni nyama za beringi za krenki. Kisha nikafungua boliti inayopeleka oili kwenye turbo, ambayo katika baadhi ya injini za Subaru za miaka ya 2000 ina kichujio cha wavu ndani yake, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na nikakikuta kimezibwa na masizi magumu kiasi kwamba nilipopuliza kwa mdomo hakikupitisha hewa.

"Lakini fundi, gari linakwenda vizuri tu," alisema.

"Linakwenda, mdogo wangu. Turbo yako ndiyo inayokwenda bila kunywa."

Sikuongeza presha. Tulishusha injini, na beringi mbili zilikuwa zimekwanguka hadi tabaka la chini. Kama ningekubali ombi lake, krenki ingeharibika siku hiyo hiyo kwenye mteremko wa kwanza, na turbo ingelaumiwa kwa mara nyingine.

Injini hizi za Subaru zina desturi ya kula oili kidogo hata zikiwa nzima, na kwa kuwa silinda zake zimelala ubavuni, kwenye kona ndefu yenye kasi oili husukumwa upande mmoja na bomba linaloifyonza kutoka kwenye bakuli hubaki likivuta hewa. Kwa hiyo kuchomoa dipstiki kila unapojaza mafuta si uzee wala woga. Oili ibadilishwe kabla ya kilomita 5,000, na mapema zaidi kwa gari linalokanyagwa. Iwe ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwa gari litakalokimbizwa katika joto letu, sintetiki ambayo namba yake ya mwisho ni 40 inastahili kufikiriwa. Inunuliwe kwa wakala anayejulikana, kwa sababu madebe ya oili yaliyokwisha kutumika hujazwa upya na kufungwa kwa ustadi wa kusikitisha. Baada ya mwendo mkali, kilomita mbili tatu za mwisho ziendeshwe polepole ili turbo ipoe oili ikiwa bado inapita; gari likizimwa ghafla, oili iliyosimama ndani ya turbo huungua na kuwa makaa, na makaa hayo ndiyo niliyoyakuta kwenye ule wavu.

Upoozaji una adui wake wa hapa hapa. Wakazi wa kando ya ziwa wanawajua wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama wingu la moshi na kuvamia taa usiku. Gari linalopita katikati yao kwenye barabara ya Makongoro hurudi na tabaka lao kwenye mapezi ya rejeta, na kwenye Subaru huingia moja kwa moja kupitia tundu la boneti hadi kwenye intakula, ambako hukauka na kushikana na vumbi. Mwenye gari analiona boneti linang'aa, hajui kwamba chini yake intakula imefunikwa blanketi. Isafishwe kwa maji yasiyo na nguvu na brashi laini. Mashine za kuoshea magari hulaza mapezi yakazibana njia kabisa. Na ndani ya rejeta kuwe na kulanti iliyochanganywa kwa kipimo, siyo maji ya kisima au ya ziwa, kwa kuwa hedi za injini hizi ni za alumini na maji matupu huzila taratibu kuanzia kwenye gasketi ya hedi. Kifuniko cha rejeta kilicholegea, kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja, hushusha kiwango cha kuchemka, na kimeshaniletea injini zilizochemsha ambazo wenye nazo walikuwa wameshanunua turbo kubwa.

Anayetaka nguvu zaidi bado anaweza kuzipata, na mimi ni mmoja wa wanaofurahi kumsaidia. Aanze kwa kupima kompresheni ya silinda zote. Tofauti kati yao ikizidi takriban asilimia 10, fedha zake zina kazi nyingine. Mkanda wa taimingi wa gari lililotoka Japani ubadilishwe bila kuiamini namba iliyo kwenye dashibodi, pamoja na roli zake na pampu ya maji, kwa maana katika injini hizi za Subaru na katika 4G63 ya Evolution mkanda ukikatika vali hukutana na pistoni. Mipira yote midogo ya presha, ambayo kwa umri wake imekauka na kupasuka, ibadilishwe. Baadaye zifungwe geji za kweli: presha ya oili, joto la oili, presha ya turbo, na ile inayopima uwiano wa hewa na petroli kwenye ekzosi, ambao injini ikikanyagwa unatakiwa kukaa kati ya 11 na 12 kwa 1 badala ya ule 14.7 wa mwendo wa kawaida. Geji hizi hazina mlio wowote, na labda ndiyo sababu haziuziki. Kisha pampu ya mafuta na nozeli zinazotosha, plagi zenye ubaridi wa daraja moja zaidi, intakula bora, na mwisho programu. Mtu akifuata njia hii, ongezeko la wastani kwenye turbo ile ile ya kiwandani litamtosha, na gari litaendelea kuwaka asubuhi ya kwenda kazini.

Hapo ndipo lilipo gumu lenyewe: gari moja kwa kazi mbili. Kinachofaa uwanjani mara nyingi ni kero au hatari mtaani. Pedi za breki za mashindano haziumi hadi zipate moto. Mwenye nazo akitoka nyumbani asubuhi, mtoto akivuka ghafla pale Mabatini, breki ya kwanza itakuwa kama hakuna. Pedi za mtaani nazo zikipelekwa kwenye mbio hupoteza mshiko baada ya kona chache. Aliye na gari moja awe na seti mbili na azibadilishe, au anunue za kati na akubali kupumzika kila baada ya mizunguko michache. Mafuta ya breki watu huyasahau kabisa. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230, lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya, kiwango kinachoruhusiwa kushuka hufika nyuzi 155. Diski za gari lililokimbizwa hupita hapo mbali sana. Mafuta yakichemka, mapovu yanajaa kwenye mabomba na pedali inazama hadi sakafuni bila breki yoyote. Katika mji wa ziwa kama huu mafuta hayo yasikae zaidi ya miaka miwili kwa gari la mtaani, na yamwagwe yote kabla ya siku ya kulikimbiza.

Matairi yasomwe ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la mtumba la umri huo, hata kama meno yake ni marefu, limeshakuwa gumu. Kuhusu kushusha gari, nitasema kwa kifupi tu kwamba anayeishi kwenye miinuko ya mawe ya Igogo au anayepita kwenye matuta ya Buhongwa kila siku ajue bakuli la oili liko umbali gani kutoka ardhini. Shokapu nzima za urefu wa kawaida hushinda springi zilizokatwa kwa msumeno, mtaani na uwanjani pia.

Nimeandika neno uwanja mara kadhaa, na Mwanza haina uwanja wa lami wa mbio za magari. Matokeo yake ni kwamba kila anayetaka kujua gari lake limepata nguvu kiasi gani analijaribia kwenye barabara za umma, ambako ndani ya maeneo ya makazi mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa na ambako mama mwenye beseni la dagaa hana geji ya kumwonyesha nini kinakuja. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu zilizonyooka juu ya maji, litawatamanisha wengi. Wala silitaji ili kuwapa wazo, nalitaja kwa sababu wazo hilo nimeshalisikia gerejini. Kuwakamata vijana hawa ni kazi ya polisi na nina imani itafanyika. Bado watahitaji mahali.

Naziomba Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, pamoja na Kikosi cha Usalama Barabarani, wakae na wenye magari haya na kutafuta eneo moja lililofungwa, hata kama ni maegesho makubwa ya kiwanda siku ya Jumapili, ambapo koni zinaweza kupangwa na gari moja moja likapita kwa kupimwa muda. Kwa njia kama hiyo yenye kona za karibu mwendo haufiki mbali, anayeshinda ni mwenye breki, matairi na mikono, na injini yenye afya hupata nafasi kuliko yenye kelele. Pawepo gari la wagonjwa, mitungi ya kuzimia moto, kofia ngumu kwa kila dereva, na uzio wa kuwaweka watazamaji mbali na upande wa nje wa kona. Kila gari likaguliwe kabla halijaingia: mikanda ya usalama, nati za magurudumu, betri kama imefungwa, uvujaji wa mafuta na oili, unene wa pedi na umri wa mafuta ya breki. Ukaguzi huo niko tayari kuufanya bila malipo pamoja na vijana wangu wa gereji, na gari litakaloshindwa kuupita nitalirudisha kwa karatasi inayoeleza sababu, mwenye nalo awe nani.

Wako,
Fundi wa injini,
Nyakato, Mwanza.